Kandege ka Sirimon

Nyambura: Hamjambo nyote. Nimeshuka salama, sasa niko kwa matatu tunaingia Thika Road. Mjomba, huyu ni ndege gani? Tulimkuta Mlima Kenya, kambi ya Old Moses, njia ya Sirimon, mita 3,300 hivi.
[Picha]

Shangazi Wairimu: Karibu nyumbani mama. Umekula? Huyo si shomoro tu?

Mjomba Gitau: Hapana dada. Shomoro ana mdomo mnene wa kuvunja mbegu. Huyu mdomo ni mwembamba, wa kudonoa wadudu. Nyambura, alikuwa akiimba?

Nyambura: Kimya. Amesimama wima juu ya jiwe, anachezesha mabawa. Haogopi watu kabisa, alifika hadi karibu na kiatu changu.

Kevo: Mi nasema ni sistikola wa Hunter, kale kandege ka vichakani. Wako wengi huko.

Mjomba Gitau: Wazo zuri Kevo, lakini hao huwasikia kabla hujawaona. Hukaa kichakani wawili watatu, wanapokezana wimbo mpaka unadhani ni ndege mmoja. Na mgongo wao una michirizi. Huyu hana.

Shosh: Mbona hapo ni pakavu hivyo? Sisi upande wa Chogoria tulipita mianzi na matope.

Mjomba Gitau: Mama, mvua nyingi hutoka kusini-mashariki, inaishia upande wenu. Sirimon hata ukanda wa mianzi haupo. Ukitoka msituni ni nyasi na vichaka vya erika tu.
Nyambura, achana na rangi. Kule juu kahawia wamejaa, itakupoteza. Aliporuka, mkia ulikuwaje?

Nyambura: Eeh! Mweupe pembeni, katikati mweusi. Ngoja, mwenzangu alimpata akiruka.
[Picha]

Mjomba Gitau: NDIYE HUYO. Jina la kisayansi ni Pinarochroa sordida. Yuko Mlima Kenya, Aberdare, Elgon, Kilimanjaro, mpaka milima ya Ethiopia.
Nilibeba mizigo ya wageni njia hiyo miaka sita. Asubuhi tukiwasha jiko, baridi ya kukata vidole, yeye ndiye wa kwanza kuja. Jina hatukulijua. Tulikuwa tunasema tu "amefika".

Shangazi Wairimu: Gitau, hujawahi kutuambia haya.

Mjomba Gitau: Nyambura, hiyo ya pili nitumie kama dokumenti isipoteze ubora. Miaka yote hiyo sikuwa na simu ya kamera. Picha yake sina hata moja.

Nyambura: Naituma sasa hivi Mjomba. Na ile ya kwenye jiwe pia.