Unguja hadi Pemba: ndege au boti kwa mama mwenye magoti mabovu?

Mkazi wa Nkuhungu: Ndugu zangu, mwezi ujao natakiwa kumpeleka mama yangu mzazi, mwenye miaka 74, kwenye harusi ya mjukuu wake Chake Chake. Kutoka hapa Dodoma tutatelemka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, kisha tutavuka hadi Unguja. Naomba mnilinganishie kipande cha mwisho tu: kutoka uwanja wa Unguja hadi ule wa Pemba ni umbali gani, ndege huchukua muda gani, na je, muda unaookolewa unastahili nauli inayozidi ya boti?

Mwalimu wa Kikuyu: Nimepima kwa latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, nikapata kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, kuelekea kaskazini-mashariki. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotumika sana visiwani, husafiri kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa saa, kwa hiyo hesabu tupu ni dakika 25; ukiongeza kupaa, kupunguza mwendo na kujipanga kutua, unafika kwenye nusu saa. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huisukuma ndege na kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, huikabili, lakini hata upepo ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, tofauti kati ya misimu hiyo miwili ni dakika tano tu.

Mpemba wa Makole: Hesabu ya Mwalimu ni sahihi, ila nusu saa hiyo ni ya angani tu. Hesabu pia kufika uwanjani mapema, kupima mizigo na kusubiri, na bado saa tatu zinatosha hadi nyumbani, kwa kuwa uwanja wa Pemba uko karibu na mji wa Chake Chake. Boti hutia nanga Mkoani, kusini kabisa, kisha kuna barabara ya kilomita 30 hivi. Ninachokihofia zaidi ni bahari yenyewe. Ukishapita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kisiwa hakikukingi tena, na wakati wa kusi mawimbi ni makubwa. Nilimsafirisha shangazi yangu mwezi Julai, akatapika hadi Mkoani, na siku mbili hakuweza kukaa na wageni. Sitamfanyia hivyo mzee mwingine.

Dada wa Chang'ombe: Naunga mkono ndege, lakini magoti yasisahauliwe. Ngazi ya Caravan ni fupi na nyembamba, na ndani mtu huinama hadi afike kitini. Mweleze mhudumu mapema ili mama apandishwe wa kwanza, bila kuharakishwa na walio nyuma yake. Mzigo nao mara nyingi ni kilo 15 tu kwa abiria, na mabegi magumu hayapendwi. Mfikishie shikamoo yangu.

Mkazi wa Nkuhungu: Nawashukuru sana. Mama na mimi tutapanda ndege ya asubuhi, na mdogo wangu atatangulia kwa boti siku moja kabla akiwa na karanga, zabibu na vyombo vya bibi harusi. Kesho nitapiga simu kuulizia ile ngazi kabla sijalipia tiketi.