Mashabiki 1000 wa kweli, kwa duka dogo inawezekana?

mama_vitenge: Habari wakuu, nauza vitenge hapa Mwanza. Nimesoma makala ya mwandishi Mmarekani Kevin Kelly anasema huhitaji mamilioni ya watu, ukipata mashabiki 1000 wa kweli, yaani wale wananunua chochote unachotoa, na kila mmoja akakuachia faida ya dola 100 kwa mwaka unaishi vizuri tu, sasa mimi huko nitafikaje jamani?

fundi_hesabu: Dada, yeye alikuwa anaongelea wasanii na wabunifu, alafu hiyo 100 ni faida sio mauzo, hapo ndo wengi wanachanganya. Piga hesabu yako mwenyewe, mfano unataka laki sita kwa mwezi, kitenge kimoja kinakuachia elfu tano, kila mteja akichukua kimoja kwa mwezi ni wateja 120 tu. Hao unaweza kuwajua kwa majina!

binti_sokoni: Kabisa. Mi nina daftari, jina, namba, rangi anazopenda, mzigo ukiingia nawatumia wao picha kwanza kabla sijaweka status. Hao ndo wananilipia kodi ya fremu.

mama_vitenge: Asanteni sana, daftari naanza leo. Wakitaka kukopa je, mnawapa?

binti_sokoni: Mi siwapi, nawawekea tu mzigo wiki moja.