Wakuu, chakula hakishuki tumboni, nifanyeje?

Kimyakimya: Wakuu, shikamooni wakubwa. Wiki ya tatu hii tumbo limejaa kama ngoma. Choo napata baada ya siku 3, tena kigumu kama kokoto. Wanga nimeacha kabisa, nakula nyama na mayai, maji nakunywa. Naombeni kitu cha kufanya chakula kisagike haraka. Nateseka.

Mama Pacha: Pole mdogo wangu. Nikiwa na mimba ya hawa wangu wawili nilikaa siku 5 bila choo, nikawa naingia msalani nalia. Baba yao akawa ananitembeza uani usiku kama mgonjwa. Kula mboga na matunda, tembea.

Mzee Kobe: Mnakimbizana na miili ya kwenye simu. Riziki ya Mungu mnaiita wanga kama vile ni tusi.

Fundi Bomba: Bomba limeziba hilo, leteni waya 😂

Muuguzi wa Zamu: Nyama na mayai havina nyuzinyuzi hata chembe, kwa hiyo choo kigumu nakielewa. Lakini kuna kitu unameza?

Kimyakimya: Vitamini tu.

Muuguzi wa Zamu: Vitamini tu?

Kimyakimya: Na vidonge vya kulainisha choo. Nilianza na kimoja, sasa vinne kwa usiku. Nisipomeza ndiyo hizo siku 3. Msinishambulie, nina sherehe, gauni limeshashonwa, na kilo 3 zimeshuka, kwa hiyo vinafanya kazi. Nimeshanunua pakiti mbili zaidi. Nilitaka kujua kama nipandishe viwe sita.

Makengeza: Hii chai. ID ya jana, mara chakula hakishuki, mara anaharisha. Chakula hakikai tumboni siku 3, ni masaa machache tu kinaingia utumbo mwembamba. Mods fungeni uzi.

Muuguzi wa Zamu: Makengeza, kuhusu tumbo uko sahihi, ila hiyo si chai, nawaona kila mwezi. Utumbo mpana ukishakombwa wote unahitaji siku kadhaa kujaa tena. Mtu anadhani amefunga choo, anaongeza dozi.

Na hizo kilo, dada: protini na mafuta unayokula humeng'enywa kwa nyongo na maji ya kongosho, kisha hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kama mita 6 hivi. Vidonge vyako vinafanya kazi huko chini, kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshachukuliwa. Unachomwaga ni maji na chumvichumvi, ikiwemo potasiamu inayosaidia moyo kupiga sawasawa. Mizani imepima maji. Misuli inakaza? Moyo je?

Kimyakimya: Miguu inakaza usiku. Moyo tangu juzi unarukaruka. Nilijua ni wasiwasi wa sherehe.

Muuguzi wa Zamu: Nenda hospitali sasa hivi, wapime damu na moyo. Beba pakiti zote uwaonyeshe. Usimeze hata kimoja.

Makengeza: Dada, nisamehe. Nenda.

Kimyakimya: Lakini nikiacha si kilo zitarudi? Zimebaki wiki 2.

Mama Pacha: Gauni litaachiwa mshono, mdogo wangu. Una mtu wa kukusindikiza?

Kimyakimya: Kaka yangu. Tuko njiani. Pakiti nimebeba moja, nyingine nimeiacha kabatini.