Naomba ushauri: chachu inafaidika nini kwa kutengeneza pombe?

Habari wanajamvi. Nafundisha baiolojia kidato cha tano hapa Masaka, Uganda, na nimekwama. Watoto wa huku wanaijua tonto, pombe ya ndizi, tangu wadogo: ndizi mbivu zinakamuliwa kwa nyasi, maji yake yanatiwa unga wa mtama na kufunikwa kwa majani ya mgomba, kesho yake povu linachemka bila moto.

Wameelewa kuwa molekuli moja ya sukari ya glukosi inavunjwa kuwa piruveti mbili, chachu ikabaki na ATP 2 tu (ATP ndiyo molekuli inayobeba nishati ya seli), wakati penye oksijeni ingepata takribani 30. Piruveti inatoa kaboni dioksidi, inakuwa asetaldehaidi, kisha ethanoli. Hapo binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kama hatua hizo za mwisho hazitoi ATP hata moja, chachu inajisumbua ya nini?" Swali zuri mno, nimelala nalo.

Nilimjibu kuwa ndivyo inavyorudisha NAD+, molekuli inayopokea elektroni glukosi inapovunjwa, na bila hiyo glukosi nyingine haivunjiki. Nyuso zao zikaniambia hawajashika. Nikatoa mfano wa wabeba ndizi: asiyetua mzigo sokoni hawezi kurudi shambani kubeba mwingine. Ulisaidia kidogo, ila sasa wengine wanadhani mzigo ni ethanoli yenyewe, wakati ni elektroni.

Walimu wenzangu, ninyi mnaielezaje? Na kuna jaribio la kuionyesha? Nina chupa, maputo na maji ya chokaa, lakini hivyo vinaonyesha gesi tu. Kipindi ni Alhamisi.