Duranta au saipresi kwa fensi ya nyumbani, ipi inafaa zaidi?

Kijani Daima
Wakuu habari zenu. Kuna upande mmoja wa uwanja wangu uko wazi kabisa, anayepita nje anaona mpaka mlangoni, nataka niuzibe kwa fensi ya miti inayobaki na majani mwaka mzima, sitaki ile inayopukutisha msimu ukibadilika halafu unabaki unaangalia vijiti. Nimechuja nimebakiza mbili, duranta na saipresi. Saipresi moyo wangu unaipenda, ile harufu, na ikipogolewa vizuri inasimama kama ukuta. Duranta wengi wananiambia inakua haraka na haina makuu. Sehemu yenyewe ni ndefu ila nyembamba, jua linapiga asubuhi mpaka saa nane hivi, baada ya hapo nyumba inatia kivuli. Nina watoto wadogo na mbwa mmoja. Naombeni mnipe na sababu, sio jina tu la mti.

Makasi Mkononi
Mkuu, kabla ya uzuri jiulize kwanza nani atakuwa anapogoa na kila baada ya muda gani, maana hiyo miti miwili hapo ndipo inapoachana kabisa.

Duranta ukiikata popote inachipua. Ikate mpaka kwenye mti mgumu mnene, ikate nusu, ikate karibu na ardhi, ilimradi mizizi iko hai na ina maji itarudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo. Sasa saipresi haiko hivyo. Saipresi inachipua kwenye sehemu yenye majani mabichi tu. Chungulia ndani ya fensi yoyote ya saipresi iliyokomaa utaona katikati ni kahawia tupu, jua halifiki huko na majani ya ndani yanakufa, hiyo sio ugonjwa ni kawaida yake. Lakini mtu akija na makasi akakata akapita ile tabaka ya kijani akaingia kwenye kahawia, pale pameisha, panabaki tundu na hapazibiki tena. Ndio maana fensi nyingi za saipresi utakuta zimeachwa miaka zimenenepa zimekula nusu ya uwanja, na mwenye nyumba hawezi kuzirudisha nyuma, kilichobaki ni kung'oa tu apande upya.

Na wewe umesema sehemu yako ni nyembamba. Hapo mimi nasema duranta bila kusita. Saipresi inayopandwa sana majumbani asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ni mti wa msitu ule, ukiachwa unapita mita 20. Kuufanya ukae mita mbili inawezekana, ila ni kazi ya kila mwaka na huruhusiwi kuruka hata mwaka mmoja.

Dada wa Miche
Naunga mkono hapo kwenye kupogoa, lakini wakuu mbona hamjagusia watoto na mbwa? Kijani Daima soma hii vizuri tafadhali.

Zile tunda ndogo za duranta, za njano kuelekea chungwa, zinazoning'inia kwa vishada, zina sumu. Ndege wanakula hawadhuriki na hapo ndipo watu wanapodanganyika, wanaona ndege anakula wanajua ni salama. Kwa binadamu, mbwa na paka sio salama, na majani nayo vilevile. Mtoto akila anaweza kutapika, kupata homa, kusinzia kupita kawaida hata degedege, kwa hiyo ukihisi tu kwamba amekula unampeleka hospitali, usikae kusubiri uone itakuwaje, na ukichukua kitawi kimoja uende nacho wataalamu wanajua wanashughulika na nini. Mbwa naye kwa daktari wa mifugo.

Sisemi usipande. Nasema upande ukijua. Duranta inatoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo fensi inayokatwa mara kwa mara haipati nafasi ya kuchanua wala kuzaa. Zinazojaa matunda ni zile zilizoachwa zikawa vichaka. Ukiwa ni mtu wa kupogoa kila inapoanza kutoa vishada vya maua basi hatari inapungua sana, na bado kila ukipita uwe unaangalia chini na upande ule ambao mtoto anafikia. Halafu aina nyingine zina miiba, ukienda kununua miche ipapase matawi kwanza.

Kitu kingine ni hiyo habari ya kivuli. Kuna duranta ya kijani na kuna ile ya dhahabu ambayo majani yake ni ya njano. Ya dhahabu inataka jua la kutosha, kwenye kivuli ile rangi inapotea inageuka kijani kilichopauka. Jua lako la mpaka saa nane linatosha kwa kiasi, ila kwenye zile kona za karibu na nyumba mimi ningeweka ya kijani. Na ukiona ndani ya ile ya dhahabu kuna tawi limetoka kijani kabisa likate mapema kuanzia chini, hayo yana nguvu kuliko mengine na yatameza fensi nzima.

Kijani Daima
Dada asante sana, hilo la sumu hakuna aliyekuwa ameniambia, na nimeuliza watu wengi tu. Sasa nauliza, kwa upande wa usalama saipresi si ndio ingekuwa bora? Na kweli hakuna mtu hapa anayeitetea?

Mzee wa Vivuli
Mimi naitetea, na ninaipenda kwa dhati. Kijana wangu, kama una nafasi hakuna fensi inayokata upepo kama saipresi. Upepo ukipiga ukuta wa tofali unaruka juu na kushuka kwa fujo upande wa pili, ila ukipiga majani mazito ya saipresi unachujwa unapoa. Vumbi linashikwa na makelele yanapungua kidogo. Matunda ya kumshawishi mtoto haina, yale makokwa yake ni magumu hakuna anayeyatamani. Pia maeneo yenye baridi kali saipresi inavumilia, duranta ikipigwa na jalidi, yaani umande ulioganda, majani yanaungua.

Ila nikiwa mkweli kuna mambo mawili. Kwanza chini ya saipresi usitegemee kuotesha kitu, mizizi yake mingi iko juu juu inanyonya maji yote, maua yako ya pembeni yatadhoofika. Pili ni vidukari. Hawa wa saipresi walionekana Malawi mwaka 1986 na katika miaka michache wakawa wamesambaa nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakaua miti mingi sana, mashamba ya misitu na fensi za watu. Wanakaa kwenye matawi wananyonya utomvu, tawi linaanza kukauka kuanzia ndani kuja nje. Baadaye wataalamu walileta nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari na hiyo ilisaidia kupunguza, lakini hawajaisha.

Makasi Mkononi
Mzee wangu shikamoo, hapo umesema kweli tupu. Niongezee dalili ili mtu asichanganye na ule ukahawia wa kawaida wa ndani. Wa kawaida uko sawasawa fensi nzima na nje pamebaki kijani. Wa vidukari unakuja kwa mabaka, tawi hili limekauka mpaka nje, la jirani zima, na ukigusa unakuta majimaji yanayonata, weusi kama masizi juu ya majani, na sisimizi wanapanda na kushuka kwa sababu wanafuata yale majimaji matamu. Ukiona sisimizi wengi kwenye saipresi usipuuze kabisa. Na shida inarudi palepale, tawi likishakauka kwa saipresi halirudi. Duranta nayo inapata wadudu, inzi weupe hasa, lakini unakata sehemu iliyoathirika inachipua nyingine.

Kijani Daima
Basi nimeelewa, kwa nafasi niliyonayo saipresi itanitesa. Naenda na duranta ya kijani na nitaifuatilia mimi mwenyewe isizae. Nipande kwa umbali gani, na nianze kukata lini?

Dada wa Miche
Sentimita 45 mpaka 60 kati ya mche na mche, na usiibananishe na ukuta, acha nafasi ya wewe kupita nyuma na makasi. Miche ukiitoa kwenye kiriba angalia mizizi, kama imejizungusha ifungue kwa vidole kabla ya kufukia, ukiiacha hivyo itaendelea kujizungusha. Samadi iwe imeiva. Mwanzoni mwagilia mpaka ishike, weka matandazo (nyasi au majani makavu ya kufunika udongo), ikishazoea inavumilia ukavu wa wastani, ila kiangazi kikali ipe maji.

Kukata usisubiri ifike urefu unaoutaka, hilo ndilo linaharibu fensi nyingi. Mche ukishashika ukaanza kutoa majani mapya kata kile kichwa cha juu, itoe matawi ya pembeni kuanzia chini. Ikirefuka kidogo unakata tena. Inachelewa kufika juu lakini haitakuwa na matundu miguuni, na wewe unataka isionekane ndani.

Makasi Mkononi
Na umbo, chini iwe pana kuliko juu kidogo. Ukifanya juu kuwe pana panatia kivuli kule chini na majani ya chini yanapukutika, hata duranta. Vaa glavu, na yale matawi unayokata yenye maua au matunda usiyaache uwanjani mbwa akayatafuna, kusanya siku hiyohiyo.