Mjadala: Je, Simulizi za Majini wa Mji Mkongwe Ziuzwe kwa Watalii?

Hoja iliyo mbele yetu ni nyepesi kuitamka na nzito kuiamua. Wapo wanaopendekeza kwamba Mji Mkongwe wa Unguja uwe na matembezi rasmi ya usiku, mgeni alipe, apitishwe vichochoroni kwa tochi, aelezwe habari za majini, mizimu na maiti waliomo kutani, kama inavyofanywa Edinburgh na Savannah, miji ambayo imeigeuza habari ya mizuka kuwa biashara kubwa. Wanasema simulizi tunazo tele, vijana wanaoongoza watalii hawana kazi jua likishakuchwa, na tusipoliandaa sisi wenyewe ataliandaa mgeni. Wanaowapinga wanajibu kwamba huo ni ushirikina na kwamba tutaonekana watu wa giza. Mimi nami ninapinga, lakini si kwa sababu zao hizo, na ndiyo maana ninaomba nafasi ya kueleza kwa urefu kidogo.

Tuchukue nyumba moja. Shangani, ukingoni kabisa mwa bahari, lipo jumba liitwalo Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu wa ukoo wa Harthi. Wenyeji husimulia mambo mawili juu yake: kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai maelfu kwa maelfu ili kuta zikaze, na kwamba wamo watumwa waliozikwa wangali hai ndani ya kuta hizo. Jumba hilo limekaliwa na wamisionari wa Kianglikana, likawa makao ya konseli wa Uingereza tangu 1874, baadaye likawa hospitali, kisha ofisi za serikali, na leo ni sehemu ya hoteli ya kifahari ambayo ujenzi wake ulizua ubishi mpaka UNESCO, maana Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Katika mabadiliko yote hayo simulizi haikutoka.

Sioni kwamba swali la kwanza ni kama waliozikwa humo walizikwa kweli. Swali la kwanza ni kwa nini watu wa mji huu wameishika habari hiyo kwa zaidi ya miaka 150. Mwenye nyumba anajulikana kwa ukoo wake, na makonseli waliokaa humo wamo vitabuni kwa majina na vyeo. Wale waliovunja mawe ya matumbawe, wakachoma chokaa, wakapandisha boriti za mikoko mpaka dari ya juu, hawana kaburi linalojulikana wala mstari mmoja wa maandishi. Wamebakiwa na simulizi tu ya kwamba wamo ukutani na hawajatulia. Mtu akiigeuza habari hiyo kuwa kitisho cha robo saa kabla ya chakula cha jioni, anawanyang'anya ukumbusho pekee walioachiwa, na hilo ndilo linaloniuma katika pendekezo hili.

Tena hatuhitaji kukisia biashara ya simulizi huzaa nini, kwa kuwa mfano tunao Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba na Waingereza, na juu ya kiwanja hicho likajengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere, ambaye amezikwa humo humo, nyuma ya madhabahu. Jirani na kanisa, chini ya jengo la zamani la misheni, vipo vyumba viwili vya chini ya ardhi. Mgeni hushuka ngazi na kuinama, maana dari ni ya chini mno. Huona majukwaa ya mawe kila upande na mfereji mwembamba katikati, matundu ya hewa yasiyopitisha hata kichwa cha mtoto, na minyororo iliyowekwa ili itazamwe. Huambiwa kwamba humo ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kupelekwa mnadani. Wapo wanahistoria waliolipinga jambo hilo kwa hoja nzito, kwamba jengo lile lilisimamishwa na misheni kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba vyake haviwezi kuwa vya soko.

Utumwa wa Zanzibar hauhitaji kuongezewa chumvi. Maelfu ya watu walipitishwa katika soko lile mwaka baada ya mwaka, wakitoka Ziwa Nyasa na mbali zaidi, na wengine wengi walikufa njiani kabla ya kuiona bahari. Kosa la kukaza simulizi mahali pasipo na uhakika ni kwamba siku shaka ikiibuka juu ya vyumba viwili, yupo atakayeitumia kuutilia shaka unyama wote, na wa namna hiyo wapo hata humu mwetu. Soko la vitisho halina breki. Kisiwa cha Changuu kina gereza lililojengwa mwaka 1893, nalo halikupata kutiwa wafungwa bali liligeuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Nina hakika kwamba tukiruhusu biashara hii, haitapita miaka mingi kabla hajapatikana mfungwa aliyefia humo na anayelia usiku.

Kwa wanaosema kwamba ni ushirikina, ninawaheshimu, ila naona wamelenga pengine. Muislamu hakatazwi kuamini kwamba majini wapo, kwani wametajwa katika Qurani na Sura ya 72 imepewa jina lao. Kinachokatazwa ni kuwaabudu na kuwaomba. Wazee wetu walilijua hilo, na ukiwatazama kwa karibu utaona kwamba mwenendo wao mbele ya nyumba inayosemwa kuwa ina wenyewe, yaani majini, ulikuwa wa adabu zaidi kuliko wa hofu. Mlango uliofungwa miaka haufunguliwi hivi hivi: hupigwa hodi, hutolewa salamu, husomwa Ayatul Kursiy, hufukizwa ubani, ndipo mtu anaingia. Watoto huitwa ndani magharibi ikiingia, na mluzi haupigwi usiku. Ninaamini kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye thamani katika urithi huu, nayo haiwezi kuuzwa kwa tiketi, kwa sababu mgeni aliyelipa ili aogopeshwe hana sababu ya kupiga hodi. Ngoma za kupunga pepo, kama za kibuki na za ruhani, ni hivyo hivyo, maana anayechezewa ngoma ni mgonjwa, mama wa mtu au dada wa mtu, na maradhi ya mtu si tamasha.

Liko pia jambo la Popobawa, zimwi linalosemwa kuwavamia watu usiku, ambalo wenye pendekezo wamelitaja kama kivutio kitakachojulikana zaidi. Naomba tukumbushane yaliyotokea mwaka 1995, uliokuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi. Hofu ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto, na mjini mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni asiye na wa kumtetea, aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Leo jina hilo limo katika orodha za mazimwi ya ajabu zinazosambazwa ughaibuni kama kichekesho, na mtu yule hatajwi. Anayesema kwamba hadithi ni hadithi tu aanze kwa kutueleza kifo kile.

Nikubali hoja moja ya upande wa pili bila kigugumizi, nayo ni ya riziki. Vijana wanahitaji kazi za jioni na mji una ya kuonyesha usiku. Lakini yaliyothibitishwa yanatosha. Simama Forodhani ueleze asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipolipiga kasri la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Eleza Beit el-Ajaib, jumba la kifalme lililojengwa 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua. Mpeleke mgeni Maruhubi akaone nguzo za kasri lililoungua mwaka 1899. Hayo yote yanasemeka kwa heshima, kwa sauti ya kawaida, na mgeni akalipa.

Ninachokipendekeza badala ya matembezi ya vitisho ni kwamba simulizi za nyumba na mitaa zikusanywe kwa wazee wangali hai, kwa ridhaa yao, ziandikwe kama walivyozisema na zihifadhiwe katika Nyaraka za Zanzibar kule Kilimani pamoja na hati za majumba hayo, na kila anayepewa kibali cha kuongoza watalii afunzwe kutenganisha "wenyeji husimulia" na "imethibitishwa". Yale ambayo familia au mtaa haukutaka yasemwe yaachwe.

Katika jambo hili ningependa kuwasikia kwanza waongoza watalii wenyewe, hasa wanaoshuka na wageni katika vyumba vile vya Mkunazini kila siku. Mmepata kumwambia mgeni wazi kwamba vyumba hivyo vinabishaniwa, na mlipomwambia, alikuwa na hamu ya kuuliza zaidi au alidai kwamba amedanganywa?