Gari linakaa wiki mbili bila kutembea: betri itunzwe vipi isife?

mwenye_swali
Habari wakuu. Injini ni ya petroli, lita 1.5, betri ni ya maji, volti 12, Ah 45 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), ina miezi 14. Gari linatembea mara moja kila wiki mbili au tatu. Likivuka siku kumi, stata inazunguka kwa shida au inagonga tu. Ushauri unaosikika kila mahali ni kuliwasha dakika kumi kila baada ya siku mbili, palepale lilipoegeshwa. Unasaidia kweli? Na kama ni kufungua betri, unaanza na upande gani, na gari linapoteza nini? Vifaa vilivyopo ni mita ya umeme ya kawaida na spana.

waya_mweusi
Mkuu, hizo dakika kumi achana nazo. Piga hesabu uone.

Kuwasha injini kwenyewe hakuli umeme mwingi: stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde 2, umetumia kama Ah 0.1. Kinachoimaliza betri ni kile kidogo kidogo kinacholiwa gari likiwa limezimwa: alamu, kompyuta ya injini, kumbukumbu ya redio, saa. Gari lisilo na tatizo hula kati ya miliampea 20 na 50. Chukua 50: kwa siku mbili ni Ah 2.4. Sasa uliwashe dakika kumi. Hata betri ikipokea ampea 10 muda wote huo, umerudisha Ah 1.7. Bado inadai. Na injini ikinguruma taratibu altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) nayo inazunguka taratibu, halafu inagawana umeme huo na feni, taa na pampu ya mafuta. Juu ya hapo injini haipati moto wa kutosha, kwa hiyo unyevu unabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi.

Ubaya wa betri kukaa nusu ni huu: kila inapotoa umeme, bamba zake za risasi (ile metali) hujivika salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha wiki kadhaa inageuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na sehemu hiyo ya bamba inakuwa imepotea. Kwa hiyo betri inakufa kwa kukaa na njaa. Gari kusimama peke yake si tatizo.

Pima asubuhi kabla hujagusa chochote, gari likiwa limelala usiku mzima. Volti 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu; 12.0 imebaki robo. Ukipima mara tu baada ya kuendesha utadanganyika, maana kuna chaji ya juujuu ambayo haijatulia. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, ndipo upime.

Dawa yake ni chaja ya kujiendesha, ampea 4 au 5 kwa Ah 45 (yaani sehemu ya kumi). Inapanda hadi karibu volti 14.4, kisha inashuka yenyewe na kushikilia kati ya 13.2 na 13.6. Hiyo unaweza kuiacha imeunganishwa. Chaja ya zamani isiyojikata usiiache usiku: itachemsha maji na kula bamba. Funga nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi mbali na betri, ndipo uchomeke ukutani. Kutoa ni kinyume chake. Sehemu iwe na hewa, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua.

spana_kumi
Naongezea kwenye kufungua. Hasi ndiyo inatoka kwanza na ndiyo inarudi mwisho. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi: ukianza na chanya, spana ikigusa chuma chochote umepiga shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi haifanyi kitu. Magari mengi hutumia spana namba 10. Legeza nati, zungusha kichwa cha waya kushoto na kulia hadi kitoke, usikipige nyundo. Ukifunike na kitambaa kisijirudie chenyewe. Na kamwe usifungue injini ikiwa inawaka. Volti za altaneta huruka ghafla na kuunguza kompyuta.

Unachopoteza ni saa, stesheni za redio (nyingine hudai namba ya siri, iwe nayo kabla), vioo vya kujipandisha kwa mguso mmoja, na pengine injini itanguruma ovyo dakika chache hadi kompyuta ijifunze upya. Kama milango inafunguka kwa rimoti, hakikisha ufunguo wa chuma unafanya kazi kabla hujaifunga. Betri ikiwa kwenye buti linalofunguka kwa umeme, usilifunge hasi ikiwa imetoka.

Betri iliyofunguliwa nayo hujipunguza asilimia chache kwa mwezi, na joto huongeza kasi. Pima kila mwezi, ikifika 12.4, chaji.

Kuhusu maji: neno "maji ya betri" linatumika kwa vitu viwili, asidi na maji yaliyokenekwa (maji matupu yaliyotolewa madini). Wewe unahitaji hayo ya pili tu. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki humo, hivyo ukiongeza asidi unaunguza bamba. Jaza baada ya kuchaji, yafunike bamba kwa milimita 10 hadi 15. Bamba zikiwa zimeachwa wazi, zifunike kidogo tu kwanza, uchaji, ndipo umalizie.

mwenye_swali
Shukrani sana. Vipimo vya leo: asubuhi 12.18, maji yapo sawa, vichwa ni safi. Mita ikiwekwa kati ya nguzo ya hasi na waya wake inasoma ampea 0.19 baada ya dakika 40. Hicho si kikubwa?

waya_mweusi
Kikubwa mno. 0.19 mara saa 24 ni kama Ah 4.6 kwa siku. Betri yako inafika nusu siku ya tano. Dakika 40 ni sahihi, kompyuta huhitaji muda kulala. Angalizo kwa wengine watakaopima hivyo: waya wa mita uwe kwenye tundu la 10A, na usiwashe switi ya ufunguo wala kufungua mlango mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Kufuli ya mlango ibonyeze kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa.

Sasa acha mita ilipo, chomoa fyuzi moja moja ukisoma. Inaposhuka ghafla, saketi ni hiyo. Taa ya buti, kamera ya dashibodi na kifaa cha GPS ndivyo vya kushuku kwanza. Usipoona mabadiliko kwenye fyuzi zote, shuku dayodi za altaneta (vipande vinavyozuia umeme kurudi nyuma), kwa kuwa waya wake mnene mara nyingi haupiti kwenye boksi la fyuzi za ndani.

mwenye_swali
Imeshuka hadi 0.03 kwa kuchomoa fyuzi ya redio. Redio si ya kiwandani.

spana_kumi
Basi tazama nyuma yake. Kwenye redio nyingi za kununua, waya wa njano ni umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, mwekundu ni wa switi. Mafundi wenye haraka huunganisha yote miwili kwenye umeme wa kudumu, redio inawaka vizuri lakini hailali kabisa. Hamisha mwekundu uende kwenye waya unaopata volti 12 switi ikiwa ACC tu (hatua ya ufunguo inayowasha redio bila injini), kisha pima tena.

Ukimaliza, ichaji kwa ampea 4 hadi chaja ishuke yenyewe, kutoka 12.18 tegemea saa 8 au zaidi. Toa chaja, acha hasi imefunguliwa, pima baada ya saa 24. Ikibaki 12.6 bado ina maisha. Ikishuka chini ya 12.4 bila kuunganishwa na kitu, kuna seli iliyochoka, na hapo redio haihusiki tena: betri ni ya kubadilisha.